Kompyuta Iliyopakwa Dawa

Skolastika Mapunda wa Mjimwema aliogopa vitu vingi. Aliogopa radi, mbwa asiyebweka, barua yenye muhuri, daktari anayenyamaza akisoma majibu, na mama yake mzazi. Mama ametajwa mwisho kwa heshima tu. Kwa haki angetangulia, na hao wengine wangemfuata kwa mbali wakihema.

Alizaliwa Mpitimbi, akasoma mpaka kidato cha nne, akapata lile daraja ambalo mtu akiulizwa hukohoa kwanza. Ada ilitoka kwenye cherehani. Mama yake, Ekaristia, alikuwa na cherehani cha mguu, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono ulipopita miaka thelathini. Nusu ya kaptula za shule pale kijijini zilipita chini ya sindano yake. Macho yalipoanza kuchoka, Ekaristia alikifunga cherehani kwa kitenge, akakipakia kwenye gari la mahindi, akampelekea binti yake mjini na ujumbe wa maneno mawili: nakuazima, sikupi.

Skolastika hakushona hata kifungo. Sindano nayo aliiogopa. Kazi yake ilikuwa kuchapa, katika steshenari ya bwana mmoja aitwaye Amedeus. Miaka kumi na moja alichapa ratiba za mazishi, kadi za harusi, katiba za vikundi vilivyovunjika kabla wino haujakauka, na barua za kuomba kazi za watu waliomzidi elimu na wasiojua kuandika "yah". Alichapa bila kutazama vidole, na hilo ndilo jambo pekee chini ya jua alilolifanya bila woga. Kisha Amedeus akaamka asubuhi moja akagundua kwamba nguruwe hawahitaji umeme wala wino. Akauza mashine zote, akafunga duka, akajenga banda.

Wateja waliendelea kumpigia: dada Skola, siku hizi unachapa wapi? Hakuwa na pa kuchapa. Bei ya kompyuta iliyokamilika alikuwa ameiuliza dukani mara moja, wakampa kiti akae.

Aliyempa akili ni Sixbert, fundi wa kompyuta aliyekuwa akiitwa na Amedeus kila printa ilipogoma. Sixbert alimweleza kuwa kompyuta si mtoto, si lazima izaliwe nzima. Unaweza kuiunga kama baiskeli, tairi hapa, mnyororo pale. Kasha, ambalo mji mzima unaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kidude cha ukubwa wa biskuti kinachokaa ndani, lilitoka shule moja iliyokuwa ikitupa makopo yake. Mazabodi, bamba la kuunganishia vyote, na prosesa, ndiyo hiyo biskuti, zilitoka ofisi iliyovuja paa. Skrini ilikuwa na mstari wa kijani pembeni, lakini mtu anayechapa ratiba ya mazishi pembeni ana haja gani napo? Fedha Sixbert hakutaka. Mke wake, Rosemary, alikuwa akitafuta cherehani cha mguu cha zamani, kile kisichokufa. Jumatatu Rosemary alikuja kukitazama, Jumanne kikaondoka juu ya mkokoteni. Vipande vilitolewa kama vilivyo, hakuna kurudisha, wakapeana mkono.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Mashine ikiwaka, Skolastika ana kazi, na siku mama atakapojua, atakuwa na kitu cha kumwonyesha. Isipowaka, hana kazi, hana cherehani, na mama bado anaye.

Jumatano mama akapiga simu. Jumatatu ana miadi ya macho mjini, kwa hiyo atafika Jumamosi, na atakuja na kitenge chake kipya akipinde pindo kwenye cherehani chake. Skolastika aliitikia vizuri kabisa. Alipokata simu alikaa sakafuni.

Sixbert alikuwa amekwenda Lusewa kutengeneza mashine ya chama cha wakulima wa tumbaku, naye alikuwa amesema kuunga ni kazi rahisi, atamwelekeza kwa simu bure. Alichosahau kusema ni kwamba huko Lusewa, pale alipofikia, mtandao ulipatikana juu ya kichuguu tu. Alhamisi mchana, basi, fundi amesimama juu ya kichuguu, mteja amepiga magoti Mjimwema, na kati yao kilomita nyingi za upepo.

Aliambiwa aguse chuma kwanza ili mwili utoe umeme wake, maana umeme wa mtu unaweza kuua mazabodi. Miaka yote Skolastika alikuwa akiogopa umeme umuue yeye, hakujua kwamba naye anaweza kuua kwa umeme. Tangu hapo kila kipande alichokishika alianza kwa kugusa nondo ya dirisha, akafanya ishara ya msalaba, kisha akagusa nondo tena kwa sababu hakuwa na hakika kama msalaba haurudishi umeme. Prosesa aliitua kwenye tundu lake kama anayemlaza mgonjwa. Ramu, kijiti cha kumbukumbu, ilitaka ibonyezwe kwa nguvu mpaka ilie "tak", na ilipolia alifumba macho akijua amevunja.

"Sasa dawa," Sixbert alisema. "Paka dawa juu ya prosesa ndiyo ufunge feni. Usisahau dawa, itaungua."

"Dawa ipi?"

"Ile nyeupe, ya kwenye tyubu. Kiasi cha punje ya mchele."

Skolastika alipekua mfuko wa vipande, tyubu nyeupe hakuna. Alitaka kuuliza tena lakini kichuguu kilikuwa kimekata. Akainua macho akaona, dirishani, ndani ya kikombe, tyubu. Ndani ya tyubu, dawa. Nyeupe. Tangu utoto aliiita hivyo hivyo, dawa ya mswaki, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa zipo dawa za ukoo mwingine. Aliminya punje ya mchele. Kwa kuwa alikuwa mwoga, akaongeza punje nne.

Simu iliporudi alizungumza kwa sauti kubwa, kama mtu yeyote anayezungumza na kichuguu. "Nimeshapaka dawa. Nimefunga. Niwashe, au nisubiri ikauke?"

Ukuta wa chumba chake ulikuwa tofali moja, na upande wa pili aliishi Mama Aidani, mwanamke mwenye masikio ambayo serikali ingeyalipa mshahara kama ingeyafahamu. Mama Aidani alikuwa ameona cherehani kikiondoka, na alikuwa ameona mfuko ukiingia. Sasa amesikia dawa.

Kichuguu kilijibu "washa" kikakata tena, na Skolastika akawasha kwa mwiko wa ugali, akiwa amevaa ndala na amesimama mbali kadiri mwiko ulivyomruhusu. Feni ikazunguka, skrini ikaandika maneno meupe, kisha ukurasa wa kuchapia ukafunguka kama mlango wa nyumba ya mtu unayemjua. Alichapa jina lake. Alichukua rozari, maana furaha nayo aliiogopa, akaanza kusali. Katikati ya kumi la pili la Salamu Maria mashine ikazima kama mshumaa uliopulizwa.

Aliiacha ipumzike, akaiwasha tena, ikazima katikati ya kumi la pili. Ijumaa asubuhi ilizima kabla ya kumi la kwanza kwisha. Chumba kilinukia mnanaa, kama watu ishirini wametoka kuswaki. Alijiambia kwamba labda ndivyo kompyuta zinavyonukia zikiwa ngeni. Sixbert hakupatikana. Mama alikuwa anakuja kesho.

Ijumaa jioni alibisha hodi Cornel, katekista wa kigango, mtu mpole aliyeogopa kuingia peke yake kwa hiyo aliacha mlango wazi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, katekista."

"Dada, kuna maneno mtaani. Ya dawa."

Skolastika alishukuru Mungu kwamba yupo mtu mtaani anayejua kompyuta. "Nimepaka kweli," alisema. "Ila naona kama haikutosha."

Katekista alipima kwa jicho umbali wa mlango. "Nani alikuelekeza?"

"Fundi."

"Huyo fundi yuko wapi?"

"Lusewa. Lakini mpaka apande kichuguu ndipo anasikika."

"Na... alichukua nini?"

"Cherehani cha mama."

Cornel alitoka kinyumenyume, akajikwaa kizingitini, akasema atamwombea. Ni pale alipoviona visigino vyake vikikimbia ndipo Skolastika alipoyapitia maneno aliyoyatamka, moja moja, akayasikia kama alivyoyasikia mwenzake, maneno ya mtu aliyekwenda kwa mganga. Fundi, kichuguu, dawa, cherehani cha mama. Hakuna hata moja lililokuwa uongo. Mtaani wanamjua mwanamke aliyehamishwa kwa sababu tu paka wake alikuwa na rangi isiyoeleweka. Yeye amekiri mbele ya kanisa.

Magharibi, kijiwe kimoja kilianguka juu ya bati. Kimoja tu. Alikaa akisubiri cha pili, na kutokuja kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Ekaristia alifika Jumamosi saa tatu, kitenge kipya kwenye mfuko wa salfeti. Hakuwa amefika mlangoni Mama Aidani alikuwa amekwisha kumpokea mzigo, na pamoja na mzigo akampa habari zote. Nyuma yao alisimama katekista Cornel, amekuja kama shahidi na angependa zaidi angekuwa shambani.

"Shikamoo mama."

Mama hakusema marahaba. Katika miaka thelathini na minane ya kuogopwa, hakuwahi kuacha salamu ianguke chini.

"Skola. Umetoa cherehani changu ukapewa dawa?"

Skolastika alifungua kinywa aseme hapana, akakuta kwamba, ukilichukua neno kwa neno, jibu ni ndiyo. Alisema ndiyo. Mama Aidani alishika kichwa. Uso wa Ekaristia ulizeeka hapo hapo, bila haraka, kama nguo inayoloa kuanzia pindo.

"Ni dawa ya kompyuta, mama. Subiri. Nakufungulia uone."

Aligusa nondo ya dirisha, akafanya ishara ya msalaba, akagusa nondo tena. Hilo halikumsaidia, katekista alirudi hatua moja. Alifungua kasha, akalegeza feni kwa bisibisi, akaiinua. Chini yake palikuwa na kitu cheupe kilichokauka kwa magamba kama chokaa ya ukutani. Harufu ikajaa chumba.

Ekaristia hakuwa anaona vizuri, lakini pua yake ilikuwa haina miadi na daktari yeyote. Aliinama, akanusa, akakwangua kidogo kwa ukucha, akaonja.

"Hii ni dawa ya mswaki."

Katekista alitazama miguu yake. Mama Aidani alinusa mara mbili, akaonekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Mpigie huyo fundi wako," mama alisema. "Weka sauti."

Safari hii Sixbert alipatikana mara ya kwanza, na aliposikia kilichopakwa alinyamaza mpaka wakadhani ameanguka kutoka kichuguuni. Kisha akasema dawa yenyewe, ya kutoa joto la prosesa, alikuwa ameibandika kwa selotepu ndani ya kasha, karibu na pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme. Ilikuwepo kweli, kityubu kidogo ambacho Skolastika alikiona siku zote akadhani ni kiungo cha mashine. Alipokiminya ilitoka kitu cha kijivu. Alimkumbusha Sixbert kwamba alisema nyeupe. Sixbert akajibu kuwa nyeupe, kijivu, zote dawa, ila ile ya kwanza aifute kwanza kwa spiriti kali, asiache hata chembe, na kwamba hawezi kuahidi kama prosesa imepona.

Spiriti hakuna aliyekuwa nayo. Mama Aidani, bila kuambiwa na mtu, alitoka, wakasikia upande wa pili wa ukuta kitanda kikiburutwa, akarudi na chupa ya soda yenye maji meupe yaliyonuka kiasi cha kutoa machozi. Katekista Cornel aliinua macho akaanza kuhesabu mabati.

Skolastika alifuta kwa kipande cha kanga, akapaka punje moja ya kijivu, moja tu, akafunga. Mwiko ulikuwa pale pale. Akabonyeza.

Mashine iliwaka. Hakuna aliyesogea. Walisimama wanne kama watu waliozunguka kitanda cha hospitali, wakisikiliza feni. Muda wa kumi la kwanza ulipita, la pili likapita, katekista akaaga akisema ana mafundisho, Mama Aidani akaondoka na chupa yake chini ya kanga, na mashine bado inahema. Skolastika hakuthubutu kukaa. Mashine ngapi zimewaka nusu saa na kufa ya pili?

Ekaristia alivuta kigoda mbele ya skrini. Alikuwa hajauliza cherehani kiko kwa nani. Sasa aliuliza, akaambiwa, akatikisa kichwa polepole, akiifunga na kuifungua mikono yake juu ya mapaja.

"Ulipaswa kuniambia."

"Niliogopa, mama."

"Najua. Uliogopa ukakosea, na nisingekuja ungeendelea kukosea." Akasogeza kigoda. "Chapa barua. Kwa Rosemary."

Skolastika aliweka vidole mahali pake, akingoja maneno ya kudai cherehani kirudi, na kila sekunde akiwa na sikio moja kwenye feni.

"Kwako mama Rosemary," alisema Ekaristia. "Cherehani ulicho nacho kina tabia ya kuruka uzi mweusi. Uzi mwingine hakiruki. Kitie mafuta kila Jumamosi, matone mawili, siyo matatu. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mbona unatazama pembeni?"

Alikuwa analitazama kasha kweli, lakini vidole havikukosea hata herufi. Kila sentensi alihifadhi, halafu akahifadhi tena.

"Endelea. Sindano usinunue za bei rahisi. Na kikikwama usikipige. Kifungue kwanza, utazame ndani kuna nini."