Kusoma Ukuta

Wiki jana nilimsindikiza mama kupimwa macho hapa Bukavu. Kwenye foleni tulimkuta dereva aliyetuleta kutoka Kalehe asubuhi ile ile, kwenye kona zote zile za juu ya ziwa. Patron wake, mwenye gari, alikuwa amemdai cheti cha kuonyesha macho yake ni mazima.

Mlango ulikuwa wazi, na kila aliyeingia alisoma herufi za karatasi iliyobandikwa ukutani kwa sauti kama mtoto wa shule. Dereva aliinamisha kichwa akisikiliza, midomo ikimcheza.

Zamu yake ilipofika, muuguzi akamwambia, "Papa, funika jicho la kuume, usome."

Akazisoma zote bila kukwama, mpaka mstari wa chini kabisa.

"Papa," muuguzi akasema polepole, "ile karatasi nimeshaitoa. Uko unasoma ukuta."

Foleni ikacheka. Dereva akanyoosha mkono, akapapasa hewa mbele yake.

"Mais, lakini hii jicho haijaniuma hata siku moja!"

"Kama ingeuma, papa, ungekuja zamani. Kuko magonjwa inakulaka jicho kimya, mpaka mutu apimwe."

Kicheko kikakatika. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Ukitoka Kalehe, ziwa linakaa kushoto kwa dereva, upande wa jicho lile lile lisiloona.

Macho yangu mazima, ndivyo ninavyosema kila mwaka. Siku hiyo nilichukua nafasi nyuma ya mama. Nilipoingia, nilimwomba muuguzi abadilishe karatasi, maana herufi zile nilikuwa nimeshazisoma zote kwa masikio.