Roshani Niliyomjengea Marehemu

Walisema sitawahi kufungua kitabu nikakimaliza. Walisema hivyo hapa hapa Runyenjes, mbele ya mama yangu, na aliyepaza sauti kuliko wote ni jirani yetu Mbogo: "Huyu Njeru na vitabu ni kama mbuzi na mvua." Basi nilikwenda Nairobi, nikabeba magunia mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya mahusiano ya umma, nikaitundika sebuleni ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akiinua kikombe cha chai lazima aione. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kilichoniaibisha mbele ya kijiji kizima ni kusoma vitabu, tena kuvimaliza, ninyi chekeni tu, mimi bado sijaweza.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya Wawira, binti ya dada yangu, aliyekuwa sekondari. Hadithi za mapenzi ya vijana, zile ambazo wasichana huazimana mpaka jalada linabanduka, wakizifunika kwa gazeti ili mzazi adhani ni za hesabu. Nilimnyang'anya kimoja nimhubirie, nikafungua ukurasa ili nijue ninachokilaani, na giza likanikuta bado nimesimama pale mlangoni. Nikaomba kingine. Wawira akawa ananiazimia kwa wenzake ("Anko, usikunje kurasa, hicho ni cha Marigu"), na mimi, mtu mwenye diploma, nikawa nasubiri zamu yangu.

Mtauliza mwanamume mzima alitafuta nini humo. Katika vitabu vile watu husema. Kijana anampenda msichana, anamwambia kwa maneno, na dunia haianguki. Baba yangu alinipenda, sina shaka, lakini mpaka anakufa alichokuwa akiniambia ni, "Umefunga ng'ombe?"

Ndipo baba mkubwa Ireri akafariki. Mjane wake, mama mkubwa Igoki, akaniita niandike wasifu wa marehemu, kwa sababu msomi wa ukoo ni mimi. Akanisimulia walivyokutana. Alikuwa akibeba kahawa kuipeleka kiwandani, Ireri akamtua gunia, akalibeba, akatangulia nalo bila kugeuka nyuma, na akafanya hivyo msimu wote, kisha wazee wakaja kuzungumza na baba yake.

"Basi?" nikauliza.

"Basi," akasema. "Waambie hilo. Watoto wetu hawajawahi kulisikia."

Nikaliona dogo. (Hapo ndipo nilipopotea.) Mtu mzito kama yule azikwe na gunia moja? Nikachukua kitabu cha Marigu, nikatoa theluji nikatia ukungu, nikatoa stesheni ya treni nikatia kiwanda cha kahawa, nikajiona fundi.

Siku ya mazishi boma lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye mashina ya kahawa. Nikavaa suti, nikashika kipaza sauti. "Ireri alisimama chini ya roshani," nikasoma, "akamtazama binti mwenye kidoti cheusi shavuni." Kwaya ya wasichana, Wawira na Marigu wakiwa mstari wa mbele, ikaanza kutikisika mabega. Badala ya kunyamaza nikaongeza sauti. "Akamwambia, hata kifo kikitaka kupita kati yetu..." na Marigu, maskini, bila kujua ametamka, akamalizia: "...kitazunguka!"

Watu wakacheka. Jeneza liko pale, na watu wakacheka.

"Roshani gani?" Mbogo akauliza kutoka nyuma. "Nyumba ya baba yake Igoki ilikuwa ya udongo!"

"Na kidoti?" mwanamke mmoja akadakia. "Igoki hana kidoti."

Kicheko kikakatika, vichwa vikaanza kugeuka kuelekea viti vya akina mama wa kanisa, alipoketi Mama Rwamba, rafiki wa Igoki wa miaka yote, mwenye kidoti cheusi shavuni tangu azaliwe. Mama Rwamba akainua kitambaa akafunika shavu. Kule kujifunika ndiko kulikommaliza. Nikamwona mama mkubwa Igoki naye akigeuka, taratibu, kumtazama.

"Hapana, hapana, hii nimeitoa kwenye kitabu!" nikapiga kelele.

"Diploma," Mbogo akasema, "kwa hiyo leo tunamzika nani?"

Mchungaji akaninyang'anya kipaza sauti, akaomba, na tukamfukia mzee ambaye hakuna aliyesikia habari zake.

Jumapili nilisimama kanisani kueleza. Wapo walioniamini. Wengine walisema nimesomea kusitiri mambo ya watu, si ndiyo kazi ya mahusiano ya umma? Mama Rwamba alihamia benchi la nyuma, na Igoki hakumwita arudi.

Mwishowe nilivifunga vitabu vyote kwa kamba nikazunguka kuwarudishia wenyewe. Marigu alikagua chake ukurasa kwa ukurasa. "Umekunja, Anko," akasema, akafunga mlango. Kufika jioni hakuna msichana aliyenidai. Alibaki mmoja tu aliyeniazima hadithi yake.

Nilimkuta mama mkubwa jikoni akipukuchua mahindi. Nikamsomea wasifu upya, kama alivyonisimulia, gunia, njia, msimu wote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni hivyo," akasema. "Lakini hiyo ilikuwa ya watu wale wa mazishini, na watu wale walishakwenda kwao."

Nikainuka. Akaniuliza bila kuinua macho: "Yule kijana wa kitabuni. Alimwambia msichana kwa mdomo wake?"

"Alimwambia, mama."

"Mara nyingi?"

"Karibu kila ukurasa."

Akapukuchua hadi likabaki gunzi tupu. "Ireri hakuniambia hata mara moja," akasema. "Nilikuwa najua tu. Sasa najiuliza nilijuaje."

Nikaketi tena, mimi na diploma yangu, nikachukua hindi nikapukuchua naye. Tangu jioni ile, mtu akinipa neno lake nilifikishe mbele za watu, nalifikisha kama lilivyo, hata likiwa gunia moja tu la kahawa.