Mama wa Kambi ya Vituka Queens

Kokushubila hakujaliwa mtoto, lakini kambini Vituka mabinti wote walimwita mama. Aliwafulia jezi, aliwapikia uji, aligombana na wenye maduka waliowatania njiani. Zamani yeye mwenyewe alikuwa golikipa, golikipa wa kwanza kabisa wa Vituka Queens, enzi hizo timu ni mabinti wa mtaa tu wanaocheza peku kwenye uwanja wa shule ya msingi, na wavulana wakija mabinti ndio wanafukuzwa kama kuku. Baba yake, karani aliyetoka Bukoba akajenga Tabata, alimwambia achague kati ya mpira na nyumba yake. Alichagua mpira, na mzee akashika neno lake mpaka anaingia kaburini. Tangu hapo kwao ni kwa timu. Goti lilipokataa kazi akahamia kwenye beseni la jezi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Timu ilipopanda Ligi Kuu, Huzefa akaichukua. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu asiyejua utani. Alikodi nyumba ya kambi, akanunua magodoro, akaleta kocha wa kusomea. Msimu huu mambo yalipokwenda mrama aliwakusanya uani akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba wakishuka daraja anafunga timu na nyumba anairudisha kwa mwenyewe. Ikabaki mechi moja, ugenini Kinondoni. Sare tu ingewaokoa.

Sasa kuna hili jambo la ukuta, na anayelisimulia anaomba avumiliwe maana linamchefua. Mwaka ule wa kupanda daraja, mlinzi wa uwanja mmoja alichelewa na ufunguo. Mabinti wakachoka kungoja, wakaruka ukuta, Kokushubila mbele, sketi ikachanika. Wakashinda. Basi. Lakini timu ina kamati ya ufundi, yaani wanaume wachache wenye miwani ya jua ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakigusa mpira, na mwenyekiti wao, Marijani, akatangaza kwamba ushindi ulitoka ukutani. Kuanzia siku hiyo, kila mechi kubwa, Vituka Queens hawapiti getini. Wanaruka, na Kokushubila anatangulia kuwapokea.

Yeye alijua ulikuwa ufunguo tu. Alinyamaza kwa sababu mabinti waliamini, na mchezaji anayeamini anakimbia zaidi. Tena, tuseme ukweli, na yeye aliamini kidogo.

Siku ya mechi geti lilikuwa wazi, mlinzi kasimama kando anawakaribisha kwa mkono. Marijani aliliangalia kwa muda akatikisa kichwa.

"Hapo pameshawekwa kitu," alisema. "Tunapita nyuma."

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeongezwa matofali, na kwa ndani, chini yake, kulichimbwa mtaro mpya wa maji ya mvua. Kokushubila aliupanda kwa shida na goti lake bovu, akashuka upande wa pili, akauona mtaro. Angeweza kupiga kelele kwamba wazunguke. Aliinua mikono tu, akaanza kuwapokea, mmoja baada ya mwingine. Akafika Loveness, golikipa, binti mrefu mwenye haya. Aliuangalia mtaro akasita.

"Mama, mbali."

"Ruka, mwanangu. Nipo."

Loveness akaruka. Mguu ukatua ukingoni mwa mtaro, ukapinda, na Kokushubila aliusikia mfupa kabla hajasikia kilio.

Golikipa wa pili alikuwa hospitali na malaria. Beki mmoja alivishwa glovu, na kufika mapumziko mabao yalikuwa yameshawaelemea. Wakashuka daraja. Marijani alisema bila ule ukuta wangefungwa mengi zaidi.

Asubuhi Huzefa alikuja kambini. Kokushubila alimfuata mpaka kwenye gari, na pale mbele ya mabinti wake akapiga magoti mchangani.

"Bosi, msimu mmoja tu. Tutapanda tena. Hawa wengine hawana pa kwenda."

"Simama, dada Koku." Huzefa alionekana kuona haya kuliko yeye. "Niambie kitu kimoja. Geti lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa wazi."

"Na nyie mkaruka ukuta."

Huzefa aliwapa mpaka mwisho wa wiki, akaondoka, na haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya.

Wakaanza kutawanyika. Huyu alichukuliwa na shangazi, yule na kaka yake, mwingine alibeba begi akaondoka bila kuaga kwa sababu hakutaka kulia. Kokushubila alimkunjia kila mmoja nguo zake, akamwambia timu zipo nyingi mjini. Moyoni alikuwa anakufa. Mwisho alibaki Loveness, kalala kwenye godoro, mguu mzima ndani ya hogo la plasta.

Kokushubila alitoka mlangoni akampigia baba yake Loveness, Alfonsi, fundi wa kuchomea mageti kule Manzese.

"Kaka Alfonsi, habari za kazi. Kambi inafungwa. Naomba uje umchukue binti yako, mguu wake umevunjika."

"Binti yangu yupi?"

"Loveness."

Kulikuwa na kelele za nyundo, kisha zikaisha. Bila shaka alikuwa amesogea pembeni.

"Mwaka juzi nilikuja hapo kumchukua," Alfonsi alisema. "Ukanizibia mlango. Ukasema mbele za watu, huyu ni mwanangu, haondoki. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi mlee."

Simu ilikatika. Kokushubila alibaki ameishikilia sikioni, akawa anaitikia, ndiyo, sawa, haya kaka, mpaka alipoona aibu kuendelea. Kisha akaingia ndani.

"Kasemaje?" Loveness aliuliza.

"Ana kazi nyingi wiki hii. Atakuja."

Binti aliangalia ukutani.

"Nimemsikia, mama. Simu yako ina sauti kubwa."

Kokushubila alikaa chini kando ya godoro, na safari hii machozi hayakungoja ruhusa. Alitaka kusema samahani kwa ule mtaro, kwa baba, kwa mguu, kwa yote, na hakujua aanzie lipi. Loveness alimshika mkono akamwacha alie.

"Sasa tunakwenda wapi?" aliuliza baadaye.

Kokushubila alivuta nguo za Loveness, akaanza kuzikunja. Huko nje mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuwaonyesha watu vyumba.