Idi Tuliyokwenda na Kobe

Sisi tuliokulia Malvern, huku Scarborough mjini Toronto, enzi za kadi za simu za kukwangua, tunajuana hata bila salamu. Ni sisi tuliofungua chapati na maharage shuleni saa ya chakula huku tumeinama ili mtu asiulize ni nini, na wiki ya pili yake wale wale waliokunja pua wakaomba kipande. Ni sisi tuliocheza hoki barabarani kwa mpira wa tenisi, goli likiwa mapipa mawili ya taka, na gari likitokea mmoja anapaza sauti, sote tunajibanza pembeni, likipita tunarudi kugombana palepale tulipoachia. Mama zetu walitusemesha Kiswahili, tukawajibu Kiingereza, na kila upande uliamini umeshinda.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na kitu ambacho kwenu hakikuwapo, nacho ni Kobe. Hilo lilikuwa jina la gari letu, lile gari la zamani la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo, ambalo injini iko nyuma na buti iko mbele. Injini yenyewe haina rejeta wala tone la maji, inapozwa kwa upepo wa feni basi. Tanga, walikotoka wazazi wangu, watu waliliita kobe, na Baba alipoliona moja limefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mzee mmoja kule Weston, akili ilimruka. Tulikuwa tunahitaji gari la kubeba watu wanne, mfuko wa mchele na unga wa ngano. Baba akatuletea Kobe, wa kijani, kioo kimoja hakishuki na kingine kikishuka hakipandi.

Siku za kazi Baba alikuwa karani wa bohari karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi alikuwa fundi. Baada ya chai tulitoka sote kwenye kigaraji chetu kilichonuka oili na matairi, mimi, kaka yangu Salim na Baba mwenyewe ndani ya ovaroli iliyokuwa imechakaa magotini. Salim alishika tochi, na kila aliyewahi kumshikia baba yake tochi anajua mateso yale. "Mulika ninapotazama mimi, si unapotazama wewe," Baba alikuwa akisema, kana kwamba macho yake yana mshale. Mimi nilikuwa na vidole vyembamba, kwa hiyo kazi ya kupima nafasi za valvu kwa kile kibati chembamba ilikuwa yangu, na niliringa nayo mpaka shuleni. Nati ikidondoka, familia nzima ilipiga magoti kuitafuta, na mandazi yote tuliyokula Jumamosi yalikuwa na ladha ya petroli. Watoto wa leo mnawapeleka kwenye kambi za sayansi. Sisi tulilala chali chini ya Kobe na oili ikatudondokea machoni.

Mama alitutazama kutoka dirisha la jikoni. "Mkimaliza kulisomea dua mje mle," alituita. Hakumpenda Kobe, na sikumlaumu. Alikuwa amechoka kusubiri basi kwenye theluji na mifuko ya sokoni mikononi, akataka gari kama la watu, lenye hita na milango minne. Kila Kobe alipozima njiani, na alizima sana, Mama alishuka kimya, akafunga mlango taratibu, akaenda zake kituoni. Ule utaratibu wa kufunga mlango ulimuuma Baba kuliko matusi.

Mwaka ule Idi iliangukia kwenye baridi kali. Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, tukifuturu, Mama akatoa hukumu. "Siku ya Idi, likitufikisha msikitini bila mtu kulisukuma, libaki. Likisukumwa hata kidogo, liuzwe." Baba akakubali papo hapo, kama mtu anayeogopa masharti yasije yakaongezwa. Mimi nikaliweka chini bakuli la uji. Nilijua kwamba Kobe akiondoka, zile Jumamosi zitaondoka naye, na Baba atarudi kuwa mtu wa kutoka kazini na kulala mbele ya televisheni. Sikutaka.

Basi tukafanya kazi. Tulibadilisha plagi na oili, tukasafisha kabureta, tukafunga mkanda mpya wa feni, nikapima valvu zangu mara mbili. Na hapo ndipo Baba alipofanya kosa ambalo Mzungu wa Toronto hawezi kulifanya hata umlipe.

Kule kwetu, fundi akiinamia injini yoyote, kitu cha kwanza anang'oa thermostati, kile kidude cha kuzuia injini isipoe mapema. Haulizi. Nchi ya joto, thermostati ya nini? Kobe naye alikuwa na yake, pamoja na vibati ndani ya nyumba ya feni vinavyojifunga wakati injini ni ya baridi, ili upepo usiipulize mpaka ipate joto. Baba alipovifikia akatabasamu kwa kuonana na adui wa zamani. Akavitoa vyote akavitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. "Hawa Wajerumani wanapenda kuongeza vitu," alituambia. "Sasa atapumua." Na ili apumue zaidi akakiegemeza kifuniko cha injini kwa kipande cha mti, kikabaki wazi kidogo, kama walivyofanya mafundi wote wa Tanga. Mimi na Salim, tuliozaliwa Scarborough, tuliosimama pale na soksi mbili mbili na pua zinachuruzika, tulitikisa vichwa kukubali. Siku ya majaribio kulikuwa na jua, Kobe akauzunguka mtaa bila kukohoa.

Asubuhi ya Idi ilikuwa baridi ya kukata masikio. Baba alivaa kanzu, juu yake koti la theluji, chini buti. Mama alinukia udi, na mapajani alipakata katoni la sambusa za kupeleka msikitini. Kobe aliwaka mara moja tu alipoguswa. Baba akamtupia Mama jicho la pembeni. Mama akatazama mbele.

Tuliteremka mtaani tukifuka moshi vinywani kama mabomba ya nyumba. Salim alikuwa anakwangua barafu ya kioo kwa kadi ya maktaba, upande wa ndani. "Hita inakuja," Baba alisema. Baada ya kitambo akasema tena kwamba inakuja. Tulipofika barabara kubwa Kobe alianza kukohoa, nguvu ikampungua, akajikokota mpaka kituo cha basi mbele ya safu ya maduka, akazima.

Abiria waliokuwa wakisubiri basi wakatugeukia. Bwana mmoja mnene, mwenye roho nzuri ya Kikanada, akaanza kuvaa glovu zake huku anatujia. "Need a push?" akauliza, anataka kutusukuma. Sijawahi kuuogopa wema wa mtu kama siku ile. Baba aliruka nje, kanzu inapepea, akajiweka kati ya yule bwana na Kobe. "No push, my brother. Please. Nobody push." Bwana yule alisimama na glovu zake, hajui kama ameokoa watu au amewatukana.

Mama naye akashuka. Nilidhani anakwenda kituoni. Hakwenda. Alizunguka nyuma, Baba akafungua kifuniko, na sote tukaona kabureta imevaa barafu nyeupe kama kitu kilichotolewa friza. Mama akaligusa bomba la chini yake kwa kidole.

"Baba Salim, hii injini ni baridi."

"Ndiyo, imepoa vizuri," Baba akajibu kwa mazoea, na fahari ikiwa bado imo sautini.

"Inatakiwa iwe baridi hivi?"

Baba naye akaligusa bomba.

"Vile ulivyovitoa ukavitia kwenye kopo langu, vilikuwa na kazi gani?"

"Kuzuia upepo. Injini ipate joto kwanza."

"Na ukavitoa kwa nini?"

Baba alitazama theluji, akatazama buti zake. "Kwa sababu ya joto," akasema.

Mama alimkazia macho, halafu akacheka. Alicheka mpaka akaegemea mgongo wa Kobe, machozi yakimtoka na kumgandia mashavuni. Huku Kanada Mama alikuwa anatabasamu tu. Kule kucheka kwa kushika mbavu nilikuwa nimekusikia kwa shangazi zangu kwenye simu, wakisimulia jinsi alivyokuwa. Baba akaanza kucheka naye, na yule bwana wa glovu akacheka pia, bila kujua sababu.

Kisha Mama akarudi garini, akazimwaga sambusa zote mapajani mwetu kwenye ushungi wake wa akiba, akalichana katoni. "Zuia upepo," akamwambia Baba. Kijiti kikatupwa, kifuniko kikafungwa, na kipande cha katoni kikafunika nusu ya matundu yake, kimefungwa kwa skafu ya Salim. Ikabaki kusubiri joto dogo lililobaki kwenye injini liiyeyushe ile barafu.

Tukajibana ndani tukala sambusa za watu. Baba akaanza kusimulia alivyojifunza gari, Mama akimsahihisha kila sentensi, na ndipo tulipojua kwamba kobe aliyejifunzia kule Tanga alikuwa wa babu yetu mzaa mama, na kwamba Baba alikuwa akija kumtengeneza bure kila mara ili amwone binti wa nyumba. Salim, aliyekuwa hasemi Kiswahili hata ukimkanyaga, akauliza, "Kwani lilikuwa limeharibika kweli?"

Baba akatazama nje.

"Lilikuwa zima," Mama akasema. "Akilitengeneza leo, analiachia kasoro ya kumrudisha kesho."

Kobe aliwaka. Tulipofika watu wa swala ya kwanza walikuwa wanatoka, wakikumbatiana, tukaingia na wa swala ya pili. Sambusa zilikuwa zimebaki chache za aibu. Mama alipoulizwa na wanawake wenzake mbona tumechelewa, alisema tu kwamba gari lilitaka kupumzika kidogo, lakini halikusukumwa. Nilimsikia kwa masikio yangu. Jumamosi iliyofuata vibati vilirudi mahali pake, na Kobe akabaki kwetu mpaka Salim alipoanza chuo. Injini yake haikufa kamwe. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji ndiyo iliyomla sakafu, mpaka ukikaa nyuma unaiona lami ikipita chini ya viatu vyako.

Siku hizi gari langu linawaka kwa kitufe, viti vina joto, na likiwasha taa ya njano linajiombea miadi ya gereji lenyewe. Nikifungua boneti nakuta plastiki nyeusi iliyonuna. Wanangu wanadhani fundi ni mtu anayeishi ndani ya simu, na spana ukiwapa watakuuliza inachajiwa wapi. Salim yuko Calgary. Baba magoti hayamruhusu kuinama, ila bado akipanda gari anainamisha sikio, anasikiliza, na hapati kitu.

Idi iliyopita niliwachukua wazee nyumbani kuwapeleka msikitini. Watoto nyuma na vipokea sauti masikioni, Baba ameanza kusinzia kwa ule ukimya, nasi tunateleza kwenye theluji kama hakuna theluji. Mama alipapasa kiti chenye joto, akalisifia gari.

"Hili haliharibiki kabisa?" akaniuliza.

"Haliharibiki, Mama."

Akatazama nje. "Sasa tutaongea saa ngapi?"

Nikaiacha barabara kuu, nikapita njia ndefu.