Aliyenituma Vuhovi

Wenzangu wa kazi nikiwaeleza jambo hili wananitazama kwa lile jicho tunalowatazamia wagonjwa. Nalijua jicho hilo, nami ninalo, maana ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo nimeacha kuwaeleza. Wewe nitakueleza, na sitaongeza chumvi, kwa maana kisa chenyewe kina uchungu wa kutosha. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Ulikuwa mchana, mvua inanyesha, nami nimeketi mezani na vitabu vyangu.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Beni, upande wa Mulekera, katika chumba kidogo cha kituo cha afya ambamo tunawasikiliza watu waliokimbia vijiji vyao. Wanakuja, wanakaa, wanasema. Wengine hawasemi, wanalia tu, na hiyo nayo ni kusema. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu katika saikolojia, lakini cheti cha kuruhusiwa kufanya kazi peke yangu sikuwa nacho. Kila ripoti niliyoandika ilitiwa sahihi na mtu mwingine, kana kwamba mimi ni mwanafunzi bado. Ili upate cheti ni lazima ufanye mtihani, wa kuandika na wa mdomo, na wengi wanaanguka. Basi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda Butembo kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ili nisome kwa utulivu.

Nyumba ya mama mkubwa iko kwenye mteremko, nyuma yake kuna mikaratusi. Yeye ni mjane na anauza vitenge sokoni. Asubuhi anatoka, anarudi jioni. Mimi nabaki peke yangu. Butembo unaujua? Baridi yake, na ule ukungu unaoshuka mchana hadi huoni nyumba ya jirani. Nilikuwa naweka meza karibu na mlango wa nyuma ili nipate mwanga, najifunika kitenge mabegani, nasoma kwa sauti: huzuni ya kufiwa, hofu isiyoisha, mambo ambayo mshauri anaruhusiwa kufanya na yale asiyoruhusiwa. Haya ya mwisho ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Ni sheria nyingi, na kwenye mtihani wa mdomo wanapenda kukutega nazo.

Siku moja, katikati ya mvua, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa kitenge cha kijani kilichopauka, ana kitunga kitupu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu wa vijijini. Nikamkaribisha. Nani atamwacha mtu nje kwenye mvua ile? Akaweka kitunga chini, akaketi kwenye kiti cha pembeni.

“Dada, nilikusikia unasoma,” akasema. “Unasomea kusikiliza batu?”

Nikamwambia ndiyo, ninajiandaa kwa mtihani.

“Basi nisikilize na mimi kidogo.”

Niamini, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na karatasi. Nikafikiri, huyu ametumwa na Mungu ili nifanye mazoezi. Nikafunga kitabu, nikakaa kama tulivyofundishwa, nikamwacha aseme.

Aliitwa Katungu, mtu wa kijiji cha Vuhovi. Mume wake alimwacha, naye akaenda Manguredjipa, kule kwa wachimba dhahabu, akawa anawapikia bugali na maharagi na kuuza. Nyumbani alimwacha mama yake peke yake, na yeye alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Nyumba yao ni ya mwisho kabla ya kanisa, akasema, yenye miti ya avoka mbele. Alisema kila jioni mama yake anapika chakula cha watu wawili, anaacha mlango wazi mpaka usingizi umshinde.

“Kwa hiyo hujafika kwenu tangu ulipoondoka?” nikamuuliza.

“Ninafikaka. Ninasimama ku mulango, mbele yake kabisa. Mama hanioni. Anapitisha macho tu.”

Unajua nilichofanya? Nilitikisa kichwa kwa huruma, na moyoni nikasema: hisia ya kutoonekana na mzazi. Nilikuwa nimeisoma asubuhi ile ile. Nikamuuliza tangu lini anajisikia hivyo. Akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa habari za hali ya hewa. Mvua ilipopungua alichukua kitunga chake, akaenda.

Alirudi tena, na tena, kila mara mvua ikinyesha, kila mara mama mkubwa akiwa sokoni. Nilianza kumngoja. Alikuwa anazungumza vizuri, polepole, na mimi nilijiona nimekuwa mshauri hodari. Nilipompa chai alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, nikadhani anajipasha moto. Kwamba kitenge chake kilikuwa kikavu wakati bati linapiga kelele kwa mvua, hilo niliona. Niliona, lakini sikuliuliza. Akili ya mtu anayesoma mtihani inapita juu ya vitu kama gari juu ya daraja.

Mara ya mwisho hakuketi. Alisimama mlangoni.

“Dada, nakuomba kitu. Uende kwetu. Umwambie mama asiningoje tena. Afunge mulango, alale. Umwambie ni Katungu ndiye amesema.”

Hapo ndipo sheria zangu zikasimama mbele yangu zote kwa mstari. Mshauri habebi ujumbe. Mshauri haingii katika familia ya anayemsikiliza. Anamsaidia mtu apate nguvu ya kusema mwenyewe. Nikamwambia hivyo, kwa sauti laini, sauti ya kazi.

“Nguvu ya kusema niko nayo,” akajibu. “Ni sauti ndiyo sina.”

“Mama yako atakusikia ukijaribu.”

“Wewe unanisikia juu ya vile umekaa hapa siku zote unasoma ya kusikiliza. Yeye hapana.”

Nikamwambia nitafikiri, nikimaliza mtihani tutaona. Akauliza mtihani ni lini. Nikasema wiki inayofuata, Beni.

“Wiki ni mbali kwa mama,” akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho, akaingia kwenye ukungu kati ya mikaratusi.

Jioni mama mkubwa alirudi, akaanza kufagia. Alipofika kwenye kiti cha pembeni akaacha ufagio, akainama. Chini ya kiti palikuwa na udongo kidogo, mbichi, wa rangi ya majivu.

“Nani aliingia hapa?”

“Ni rafiki. Mwanamke wa Vuhovi.”

Akausugua ule udongo kati ya vidole. “Huu hauko wa hapa. Kwetu udongo ni mwekundu. Baba yako mukubwa alikuwa anarudi na huu mu viatu, wakati alikuwa anachimba ku Manguredjipa. Unatoka chini kabisa, mu shimo.” Kisha akaniangalia. “Alikuambia nini?”

Nikamweleza yote. Mama mkubwa ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mambo ya wafu hayapendi. Hata hivyo akasema, “Enda Vuhovi, mwanangu. Kesho asubuhi. Hata kama ni bure, utakuwa umetembea tu.”

“Nitaenda nikirudi kutoka Beni,” nikasema. “Nikipoteza siku sasa, nitaanguka.”

“Mtihani utafanya tena.”

“Mama mukubwa, yule ni mtu mwenye huzuni. Hakuna kitu kingine.”

Alichota ule udongo kwa kipande cha karatasi, akaenda kuumwaga nje, akanawa mikono. Na Katungu hakuja tena, ingawa mvua ilinyesha siku zilizobaki zote.

Nilikwenda Beni. Mtihani wa kuandika ulipita vizuri. Kwenye ule wa mdomo walikaa wakubwa watatu nyuma ya meza, na mmoja wao, mzee mwenye miwani, akaniuliza: “Mtu unayemsikiliza anakuomba umpelekee mama yake neno. Donc, basi, utafanya nini?”

Ni swali la kawaida, wanaliuliza kila mwaka. Bado nilisikia baridi mgongoni, na Beni ni mji wa joto. Nikajibu kama kitabu. Sipeleki. Namsaidia alipeleke mwenyewe. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaandika kitu. Nilitoka pale nikijua nimefaulu, na sikuwa na hamu ya kumpigia mtu yeyote simu.

Matokeo yalipotoka wenzangu walitaka tukae pamoja, tunywe soda, tupige picha. Sikukaa. Nilirudi Butembo, na kulipokucha nikapanda pikipiki kwenda Vuhovi. Nyumba sikuitafuta sana. Ilikuwa ya mwisho kabla ya kanisa, na miti ya avoka ilikuwa pale, maparachichi yameanguka chini, hakuna aliyeyaokota. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kutoka nje.

Jirani alikuwa analima. Nikamsalimia, nikamuuliza kama hapa ni kwa mama yake Katungu.

“Ni hapa. Lakini mama Katungu hayuko. Alienda kutafuta mutoto wake ku Manguredjipa.”

“Alienda lini?”

“Siku ya soko, ile iliyopita.”

Siku ya soko. Nilikuwa mbele ya wale wakubwa watatu, najibu vizuri.

Yule jirani aliegemea jembe lake. “Tulimukataza. Njia ya kule si ya kizee. Lakini yeye alikuwa anasema, kila jioni mutoto anafika mupaka ku mulango na haingii. Mama anasikia miguu yake, hamuoni. Akasema, kama yeye haingii, mimi nitamufuata.”

Niliketi pale kwenye nyasi mbichi. Jirani alifikiri naumwa, akaniletea maji. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa na neno la mama huyu, neno fupi ambalo mtoto wa shule angelipeleka, na nililiweka kiporo kwa sababu ya sheria ya kitabu?

Habari zilizobaki nilizipata baadaye, kwa mfanyabiashara mmoja anayetoka Manguredjipa kununua vitenge kwa mama mkubwa. Alisema katika mvua kubwa, kabla sijaja Butembo kusoma, mlima ulishuka juu ya vibanda vya wapishi pale karibu na mashimo. Watu walichimba kwa mikono, wengine hawakupatikana. Kati yao alikuwamo mwanamke wa Vuhovi aliyekuwa akipika bugali, mpole, mwenye kitenge cha kijani. Hakuna aliyejua kwao ni nyumba gani, kwa hiyo hakuna aliyepelekewa habari.

Na kizee? Nilimuuliza kwa woga.

Alimwona. Alifika kweli, miguu imevimba, akiuliza banda kwa banda. Walimwonyesha mahali. Walimweleza kwa upole, alisema, kila mtu alijaribu. Yule mama aliwasikiliza, akaangalia ule udongo, akawashukuru. Kisha akasimama, akasema ni lazima arudi nyumbani haraka, kwa sababu binti yake atafika jioni na hatakuta mtu. Walimbembeleza angoje gari. Hakukubali. Wageni wanaweza kusema lolote. Yeye alikuwa anasikia miguu ya mtoto wake mlangoni kila siku, angewaamini vipi? Alishika njia akiwa peke yake, mvua inaanza.

Vuhovi hakufika. Nimeuliza kila kijiji kwenye njia ile ambapo mtu anaweza kuuliza bila hatari. Wengine walimwona akipita. Baada ya mahali fulani, hakuna tena aliyemwona.

Sasa nina cheti. Ripoti zangu natia sahihi mwenyewe, na watu wa Mulekera wananiita mama psy, yaani mama wa saikolojia, wananiletea watoto wao, wananiheshimu. Kazi naifanya vizuri, nadhani. Lakini kila mvua inapoanza mchana nashindwa kumsikiliza mtu aliye mbele yangu. Namwomba radhi, nasimama mlangoni mpaka inyamaze. Wanadhani naogopa radi. Sitaki kukudanganya, namngoja Katungu. Natamani aje anigombeze. Natamani aniambie kama yeye na mama yake walikutana huko njiani, au kama mpaka leo mmoja anasimama mlangoni na mwingine anatembea kumtafuta. Haji. Mimi sina kitu tena anachoweza kuniomba.

Wewe unayesoma leo ili kesho uwasikilize watu, soma, zijue sheria, nyingi zimewekwa kwa sababu nzuri. Ila siku mtu atakapokuja kwako akakupa neno la kumpelekea mama yake, lipeleke siku hiyo hiyo. Kama aliyekutuma ni mzima au ni mfu, hilo utalichunguza ukisharudi.