Mume Wangu Huongeza Redio Nisisikie Gurudumu

Ko. Ko. Ko. Hiyo ndiyo sauti ambayo haitoki kichwani mwangu. Niliisikia mara ya kwanza gari la mume wangu lilipokuwa linaingia nyumbani polepole, kati ya migomba. Kadiri lilivyopunguza mwendo, sauti nayo ilipungua kasi. Lilipokaribia kusimama ikasema ko moja ya mwisho, kisha kimya.

Naomba jina langu lisitajwe, huku Kyerwa tunajuana. Nina miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa fizikia. Mume wangu ana gari dogo la abiria, Nkwenda hadi Kayanga. Ni mchapakazi, hanywi, hajawahi kuninyooshea mkono. Nasema hivi ili msianze kumtukana kwenye komenti.

Mdogo wangu anaolewa kesho. Mume wangu aliahidi mbele ya ukoo wetu kwamba yeye ndiye atakayembeba bibi harusi kutoka kwetu Nyakasimbi hadi Kaisho, na kwa ajili hiyo akanunua rimu za kung'aa na matairi mapya. Alizifunga mwenyewe uani, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Gurudumu la mbele kushoto lilimponyoka, likalala topeni upande wa ndani. Akaliinua, akalifunga hivyo hivyo. Nikamwambia, "Futa kwanza." Akacheka. "Mwalimu, tope la huku ni gundi. Litasaidia nati." Na mimi nikacheka.

Barabara ya vumbi inatikisa kila kitu, kwa hiyo ile ko ya pale nyumbani sikuitilia maanani. Lakini siku aliponipeleka Kayanga, tulipoingia kwenye lami, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Mwendo ukipanda, unatetemeka zaidi. Mtetemo peke yake usingenitisha, ungeweza kuwa balansi ya matairi tu. Kilichonitisha ni kwamba alipopunguza mwendo mtetemo ulikwisha, ila ile ko ilibaki, ikifuata mzunguko wa gurudumu. Nikamwambia, mbele ya abiria, kuna kitu kimelegea. Mzee mmoja nyuma akasema, "Dereva, leo umepakia mkaguzi! Mwalimu anasahihisha hadi matairi." Gari zima likacheka. Mume wangu hakucheka. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio, na hakuipunguza hadi tulipofika.

Tangu siku hiyo, kila nikiwa ndani ya gari, redio iko juu.

Jioni moja alipokuwa anakula nilitoka nikachuchumaa kwenye lile gurudumu la mbele kushoto. Niligusa nati moja. Ilizunguka kwa vidole viwili, kama kifuniko cha chupa ya soda. Nilimwita. Alikuja na spana, akazikaza zote huku ananitazama. "Umeridhika?" Kesho yake alasiri nikagusa tena. Imelegea. Kila nati ilikuwa imezungukwa na alama nyekundu za unga wa tope. Hapo nikaelewa. Lile tope lilikauka kati ya rimu na chuma ambacho gurudumu linaegemea, sasa linasagika na kumwagika kidogo kidogo, na kila likipungua, nafasi inaongezeka. Hata ukikaza kila siku, huponi. Ni lazima gurudumu litoke, pasafishwe, bolti ziangaliwe.

Nilimweleza taratibu, tukiwa wawili. Akasema, "Wewe unataka niende ukweni na gari la kuazima?" Nikasema nataka mdogo wangu afike. Akajibu, "Kwa hiyo mimi nitamuua." Sikuwa nimetamka neno hilo. Alilitamka yeye, na tangu hapo lipo ndani ya nyumba, tunalipita kama kiti.

Leo asubuhi nikampigia mama. Akasema, "Mwanangu, huyo ni mkwe wetu. Ukimwaibisha kesho, atarudi hapa na uso gani? Gari linapiga kelele kila siku na bado linatembea. Acha Jumamosi ipite." Nikakata simu nikijiuliza, ikishapita, tutakuwa tumebaki wangapi.

Mchana mume wangu alikwenda Nkwenda kwa bodaboda kuchukua suti kwa fundi. Nilitoa jeki, nikaliinua gari. Sikuhitaji nguvu nyingi kufungua nati. Nati ya tatu ilitoka na kipande cha bolti ndani yake. Matundu ya rimu yamechimbika, si duara tena. Unga mwekundu ukanimwagikia miguuni. Nimekishika kile kipande cha bolti hapa ninapoandika, na najua atasema nimekivunja mimi.

Nikampigia bwana harusi, nikamwambia atafute gari lingine, asubuhi na mapema, asimwambie mtu. Akauliza, "Shemeji, mmegombana?"

"Bado," nikamjibu.

Sasa gari limeegemea mawe katikati ya kibanja, kwenye migomba, rimu tatu zinang'aa. Nasikia bodaboda inapanda kilima. Sijui kama ni yeye. Wanaonijua watasema nimemvua mume wangu nguo mbele ya ukoo mzima, na huenda ni kweli. Mama hatanipokea. Mdogo wangu hatajua nimemfanyia nini, kwa sababu atafika salama, na mtu akifika salama hakuna anayeuliza.

Sitaki mniambie kama nimekosea. Nishaurini nitakaaje na mwanaume huyu baada ya kesho, nikianza na neno gani anapoingia pale getini. Kuhusu gurudumu msihangaike. Nililipakia kwenye bodaboda hadi shuleni, limefungiwa kwenye stoo ya maabara. Ufunguo nimempa mkuu wa shule, na nimemwomba asinipe mpaka Jumatatu, hata nikienda nalia.