Benedicte na Kiingereza cha Jana

Benedicte wa Butembo alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Pale Bwera, upande wa Uganda wa mpaka wa Kongo, alikouza vitenge tangu vita vimtoe kwao, watu walisimama kwenye kibanda chake hata wasipokuwa na haja ya kitenge, ilimradi wamsikilize. Kinande alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili kilimtii, na Kifaransa cha masista alikijua cha kutosha kugombana. Kiingereza tu ndicho kilichomfunga mdomo, tena mbele ya mjukuu wake mwenyewe.

Mwanawe Thembo alihamia Kanada, akaoa huko, akamzaa Kabugho. Mtoto hakujua lugha nyingine ila Kiingereza. Kila Jumapili simu ya video ilipolia, bibi na mjukuu waliulizana hali, wakajibiana ni njema, kisha wakabaki kuchekeana. Siku moja Kabugho aliuliza jambo refu, baba yake akatafsiri: "Mama, anataka kujua, wakati ulikuwa mudogo ulikuwa unafanya nini?"

Thembo akajitolea kumtafsiria jibu, Benedicte akakataa. Hadithi ya bibi ikipitia kinywa cha mtu mwingine, alisema, inafika imepoa.

Ndipo Bénit, mnunuzi wa kahawa, alipomwambia kuwa kuna mwalimu anatoka Kasese kila Jumamosi kufundisha katika ukumbi wa parokia, Mwingereza wa kuzaliwa. Benedicte akaenda naye akitarajia mzungu. Akaingia mwanamke mweusi, mjamzito, jina lake Aciro.

"Mwingereza gani huyu?" Bénit alinong'ona, lakini ukumbi mzima ulisikia. "Jina ni la Gulu, kule kaskazini!"

Aciro akacheka. Wazazi wake Waacholi walikimbilia Leeds kabla hajazaliwa, akakulia huko, na Kasese ameletwa na mumewe Tumwesigye, fundi wa kiwanda cha saruji. "Kiswahili yangu iko mbaya," akasema. "Nyinyi mutanisaidia, na mimi nitasaidia nyinyi."

Benedicte hakungoja. "Madamu, 'go' naijua. Lakini ikifika jana, munasema 'went'. Ile 'go' imekimbilia wapi?"

Aciro akajibu: "Hata mimi sijui, mama. Iliondoka zamani, hakuna mutu aliirudisha."

Tangu siku hiyo, kila baada ya darasa, mwalimu alinywa chai ya tangawizi kibandani kwa Benedicte akingoja gari la kurudi. Huko Kasese hakuwa na rafiki. Majirani walimsalimia upesi na kupita, wakiogopa kusahihishwa Kiingereza chao. Benedicte yeye hicho ndicho alichokitaka.

Jumamosi moja mwalimu hakuja. Tumwesigye alipiga simu: mama yake Aciro amefariki huko Leeds, na kwa mimba ile kubwa daktari amemkataza kupanda ndege. Wanafunzi wakaanza kukusanya vitu vyao.

"Munaenda wapi?" Benedicte akawauliza. "Matanga si iko pale penye mutoto wa marehemu analia? Twende Kasese!"

Wakanunua unga wa muhogo na samaki wa ziwani Hamukungu, wakafika Nyamwamba, mtaa wa Aciro pale Kasese, alasiri. Aciro alikuwa ameketi peke yake, mapazia yamefungwa. Wakasogeza viti, wakatandika mikeka, wakawasha moto uani. Tumwesigye hakujua asimame wapi, hadi Bénit alipompa kisu na samaki wa kupara.

Benedicte aliketi ubavuni mwa Aciro, akayatafuta maneno. "Your mother," akasema. "She go... she went. Tell me her."

Aciro hakumsahihisha. Alianza kusimulia kwa Kiingereza cha haraka cha kwao, na Benedicte aliambulia nusu. Alipopotea aliuliza, akaelezwa tena. Akasikia jinsi mama yule alivyocheza ngoma ya Kiacholi kwenye kituo cha basi, ndani ya theluji, binti yake akijificha kwa aibu. Benedicte akacheka. Aciro naye akacheka, kisha kilio kilichokuwa kimemkwama kikatoka chote, kichwa begani kwa Benedicte.

Jumapili iliyofuata Benedicte alimsimulia Kabugho habari za mbuzi wa misheni aliyetafuna shela la sista mkuu. Alisema "eated". Mtoto akamsahihisha, "Ate, Grandma," bibi akashukuru, akaendelea kwa makosa mengine. Sista alipomkimbiza mbuzi hadi kanisani, Kabugho alicheka mpaka akaangusha simu, akamwita mama yake aje naye asikie.

Aciro alijifungua mtoto wa kiume msimu wa mvua, na mtu aliyeomba aitiwe ni Benedicte. Akafunga kibanda, akaenda Nyamwamba, akamwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu huku akimsemesha kwa Kinande.

"Unamwambia nini?" Aciro aliuliza akiwa kitandani.

"Niko namutukana kidogo, sababu ananikojolea."

"Nifundishe."

Benedicte akamfunika mtoto kwa kitenge kipya, akasogea karibu na kitanda, akaanza kumfundisha matusi yale, neno kwa neno.